Nani alibeba bombomu? Kuhusu Afterlives ya Gurnah

Ukiisoma Afterlives (2020) ya Abdulrazak Gurnah kwa kutafuta silaha, utatoka mikono mitupu. Vita vimo, ila Gurnah anakaa zaidi na Hamza, askari wa schutztruppe, na afisa anayemfundisha Kijerumani ili aje amsome Schiller.

Mwanzoni nililalamika. Halafu nikasoma jinsi bombomu ya Kijerumani, MG 08, ilivyofanya kazi: mkanda wa kitambaa wenye risasi 250, kama lita nne za maji ya kupoza mtutu, na kitako kizito cha kuburuta chini. Jumla, zaidi ya kilo 60. Huku kwetu porini, mashine za aina hiyo zilifunguliwa vipandevipande, zikapanda vichwani mwa wapagazi, na masanduku ya risasi vilevile. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi hawakurudi makwao.

Kwa hiyo Gurnah yuko sahihi kuangalia watu kuliko chuma. Lakini hapohapo ndipo ninapomdai: aliyepewa jina na mapenzi ni askari. Mpagazi, ambaye bila yeye ile bombomu isingefyatua hata risasi moja, anabaki pembeni. Riwaya yake bado naisubiri.