Fimbo ya Zakaria: Adabu na Adhabu katika Rosa Mistika

Wahakiki wa Rosa Mistika (1971), riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, wamezoea kukariri kwamba Zakaria alimwangamiza bintiye kwa ukali wa malezi. Kauli hiyo si ya uongo, lakini imekomea mlangoni. Ukali peke yake hautoshi kueleza kisa hiki: samaki amekunjwa angali mbichi katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki, na si kila aliyechapwa aliangamia.

Jambo la kuzingatiwa ni namna adhabu yenyewe inavyotolewa. Rosa amepokea barua kutoka kwa kijana Charles; Zakaria anampiga. Kipigo kinatangulia, na maelezo ya binti hayana nafasi. Kinachofunzwa hapo si ubaya wa tendo bali hatari ya kuonekana. Kiswahili kina maneno mawili yatokanayo na mashina mbalimbali ya Kiarabu, adabu na adhabu. La kwanza lahusu mwenendo mwema na mafunzo yake, la pili mateso. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku, kumtia mtoto adabu mara nyingi ni kumchapa. (Si ajabu wanafunzi huyachanganya katika insha.) Zakaria ni zao la mchanganyiko huo.

Rosa anapoondoka nyumbani Ukerewe kwenda shule ya bweni, jicho la baba halimfuati. Kanuni aliyoijua ilikuwa jicho hilo tu. Lilipotoweka, nayo ikatoweka. Katika chuo cha ualimu cha Morogoro hali ni mbaya zaidi, kwani mkuu wa chuo, mwenye dhamana ya kuadhibu, ndiye mshiriki wa kosa.

Sehemu ya mwisho, yenye mashtaka mbele ya Mungu, huweza kuonekana kuwa kiraka kisichoshikana na uhalisi wa kitabu. Lakini ni hapo tu ambapo baba na binti wanasimama mahali pamoja, kila mmoja akisikilizwa. Kwamba Kezilahabi alilazimika kuwaua kwanza ndipo wazungumze ni hukumu kali kuliko yoyote iwezayo kutolewa katika kikao hicho. Udhaifu ulio dhahiri zaidi ni Regina: mama huyu anavumilia mno, wala hakupewa sauti ya kutosha kuonyesha kama malezi ya namna nyingine yaliwezekana katika nyumba ile.

Riwaya ilipotoka, ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa uwazi wake juu ya mapenzi, baadaye ikaruhusiwa. Marufuku hiyo ilikuwa tendo la Zakaria mwenyewe, yaani kupiga kabla ya kuuliza. Nchini Kenya viboko viliondolewa shuleni kisheria mwaka 2001. Mwalimu anayeifundisha riwaya hii leo hana fimbo mkononi. Iliyobaki ni kazi ya kumwuliza mwanafunzi ni neno gani Rosa angemwambia baba yake kabla mkono haujainuliwa, na kungoja jibu.