Juu ya Neno la Mwanamke katika Hadithi za Wahaudenosaunee

Wahaudenosaunee, ambao Wafaransa waliwaita Iroquois, ni mataifa sita ya Amerika ya Kaskazini yenye agano moja: Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga, Seneca, na Tuscarora walioingia nyuma ya wenzao katika karne ya 18. Jina lao maana yake ni watu wa nyumba ndefu. Kwao ukoo hufuata mama, na mama wa ukoo ndiye amtajaye jumbe, naye ndiye awezaye kumvua ujumbe wake. Twaanza na jambo hili kwa kuwa asiyelijua hawezi kuzipima hadithi zao sawasawa. Atadhani kwamba mwanamke ajibuye katika hadithi hizo ni mkaidi, kumbe yumo katika haki yake.

Hadithi yao ya chanzo cha dunia yahusu mwanamke aliyeanguka kutoka mbinguni. Chini palikuwa maji matupu. Ndege wakampokea kwa mbawa zao, mnyama mmoja akazamia akaleta tope, tope likawekwa mgongoni mwa kobe, likakua likawa nchi. Binti yake alikufa katika kuzaa mapacha, na katika masimulizi mengi mahindi, maharage na maboga yaliota penye kaburi lake. (Wakulima wetu wapandao vitu hivi vitatu katika shamba moja wakumbuke kwamba asili yake ni Amerika.) Mwaka 1903 J. N. B. Hewitt, mwenye asili ya Kituscarora, alipiga chapa masimulizi matatu ya hadithi hii, kwa Kionondaga, Kiseneca na Kimohawk, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kazi hiyo ni kubwa, na wapenzi wa lugha watafaidika nayo. Maana kitenzi cha Kimohawk, kama chetu, hubeba mtenda na mtendwa ndani yake. Walakini sisi tukisema “alianguka”, msikiaji hajui kama ni mume au mke, na kitenzi chao hukionyesha. Lakini masimulizi yote matatu yalitoka katika vinywa vya wanaume. Hadithi ni ya mama na binti yake, na nyumba ni ya mama. Walioulizwa ni wanaume. Hatumlaumu Hewitt peke yake, maana hivyo ndivyo wataalamu wa zamani zile walivyozoea.

Mwanamke wa kwanza wa asili hiyo aliyesikiwa mbali kwa kalamu yake ni Pauline Johnson, aliyejiita pia Tekahionwake, jina la baba wa babu yake. Alizaliwa 1861 katika nchi ya Mataifa Sita huko Ontario, akafa Vancouver 1913. Watu wengi humsifu kwa mashairi yake, na kwa desturi yake ya kupanda jukwaani amevaa mavazi ya ngozi, kisha kurudi sehemu ya pili amevaa gauni la Kizungu. Sisi twaona nguvu yake ni kubwa zaidi katika nathari. Mwaka 1892 aliandika katika gazeti moja la Toronto akiwashutumu watungaji wa riwaya: binti wa Kihindi katika vitabu vyao huwa mtoto wa jumbe, hana kabila lijulikanalo, jina lake karibu siku zote ni Winona, humpenda Mzungu, na mwisho hufa, mara nyingi kwa mkono wake mwenyewe. Shutuma hiyo ni ya haki, tena ina kicheko cha uchungu ndani yake.

Mwaka wa pili akatoa jibu lake kwa hadithi iitwayo A Red Girl’s Reasoning. Christie, mtoto wa mfanya biashara wa ngozi na mama wa Kihindi, ameolewa na Mzungu kijana aitwaye Charlie. Katika karamu ya wakubwa aulizwa habari za ndoa ya wazazi wake, naye asema waziwazi kwamba waliowana kwa desturi ya watu wa mamaye, bila padre wala hakimu. Mume aona haya, amkemea nyumbani. Christie amjibu kwa hoja: ikiwa ndoa ya wazazi wangu si ndoa kwa kuwa haikufuata sheria yako, basi ndoa yetu nayo si ndoa, kwa kuwa haikufuata sheria ya mama yangu. Aondoka usiku ule. Mume amtafuta, ampata, amsihi. Naye, ingawa hajaacha kumpenda, akataa kurudi.

Wako wasemao kwamba mwisho huo ni mkavu, na kwamba mke angalisamehe. Sisi twakana. Angalirudi, hoja yake ingalikuwa hasira tu. Msomaji ajiulize pia hoja hiyo ilitoka wapi. Baba yake Pauline alikuwa jumbe wa Kimohawk, mama yake Mwingereza. Sheria ya Kanada ya 1876, iliyofuata baba, ilimhesabu kuwa Mhindi. Desturi ya Wamohawk, ifuatayo mama, haikumpa ukoo. Tena kwa sheria ile ile mwanamke wa Kihindi aliyeolewa na mtu asiye Mhindi alipoteza haki yake, na jambo hilo halikuondolewa mpaka 1985. Mambo ya sheria mbili zisizotambuana hakuyabuni, aliyaishi.

Hata hivyo ana kasoro. Hadithi za Wasquamish alizozitoa kwanza katika gazeti la akina mama zilimtaja mara kwa mara mwanamke kuwa msimulizi. Lakini katika kitabu cha 1911, Legends of Vancouver, hadithi ya Ndugu Wawili wa kike imo katika kinywa cha jumbe mwanamume. Yaliyompata mwanamke kwa Hewitt yakampata mahali hapa pia.

Beth Brant, Mmohawk (1941–2015), alianza kuandika alipokuwa na umri wa miaka 40. Katika Mohawk Trail, kitabu cha 1985, imo hadithi ya akina mama wawili. Mmoja, mwaka 1890, ananyang’anywa watoto wake wapelekwe shule ya Carlisle huko Pennsylvania. Wa pili, mwaka 1978, ananyang’anywa binti yake kwa sababu anaishi na mwanamke mwenziwe. Sauti zao zapokezana, wala mwandishi haingii kati kutuambia tuwahukumu vipi. Sisi tuliolelewa katika shule za bweni twasoma sehemu ya kwanza kwa uzito. Watoto wabadilishwa majina, na mama apokea barua zao zilizoandikwa kwa lugha ya wenye shule.

Alicia Elliott, Mmohawk wa siku hizi, katika riwaya yake And Then She Fell ya 2023, amemchukua tena yule mwanamke aliyeanguka kutoka mbinguni, akamweka katika maisha ya mama kijana mjini Toronto, mwenye mtoto mchanga na akili iliyochoka, ajaribuye kuiandika hadithi ya chanzo kwa maneno yake mwenyewe.