Kuipa Siku Haki Yake

Ufundi wa kutunga panchanga, kalenda ya jadi ya Wahindu, unastahili sifa kwa sababu unalipa jua haki yake bila kuudhulumu mwezi. Kila siku hutambuliwa kwa mambo matano: siku ya juma, tithi (siku ya mwandamo), nakshatra (kundi la nyota ulipo mwezi), yoga (kipimo cha jumla ya nafasi za jua na mwezi) na karana (nusu ya tithi). Nguzo yake ni tithi. Kila mara mwezi wa angani unapolitangulia jua kwa digrii 12 zaidi, tithi moja imekwisha; zikitimia 30, mwezi wa mwandamo umekamilika. Kwa kuwa mwendo wa mwezi hubadilika, tithi moja huisha kwa saa 19 hivi na nyingine ikafika 26. Siku huchukua tithi inayokutwa jua linapochomoza. Basi tithi iliyoanza na kwisha kati ya macheo mawili hurukwa, na iliyoyakuta yote mawili huhesabiwa mara mbili. Miezi 12 ya mwandamo nayo hupungukiwa siku kama 11 kuufikia mwaka wa jua. Kalenda ya Hijria huliacha pengo hilo, ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote. Panchanga huliziba: mwezi ambao jua halikuingia buruji mpya huongezwa kuwa mwezi wa ziada, takriban kila baada ya miezi 32 au 33, na Diwali hubaki kati ya Oktoba na Novemba.

Wapo wanaolalamika kwamba sikukuu moja huweza kuangukia tarehe tofauti katika miji miwili. Lakini jua halichomozi Mombasa na Mumbai kwa wakati mmoja, na hesabu ya kweli haiwezi kujifanya kana kwamba linachomoza pamoja. Pingamizi zito zaidi linahusu saa za heri zinazoonyeshwa na panchanga, na Rahu kala, ile sehemu moja ya nane ya mchana ambayo wengi hawaanzi jambo ndani yake. Ni kweli, sayansi haijathibitisha kwamba saa huleta baraka au nuksi. Hata hivyo, imani juu ya saa ni jambo moja, na usahihi wa kuipima ni jingine. Kamati ya kurekebisha kalenda ya India, iliyoundwa mwaka 1952 chini ya mwanafizikia Meghnad Saha, haikuitupa panchanga. Ilitaka ihesabiwe kwa vipimo vya kisasa vya anga. Hadi leo serikali ya India huchapisha panchanga ya taifa. Asiyeamini saa ya heri bado ana deni la heshima kwa mafundi hawa, kwa kuwa kazi yao inakubali kusahihishwa na mbingu.