Namba Isiyomjua Mwenyewe: Uhakiki wa Vitambulishi Vinavyozalishwa na Mfumo katika Hifadhidata za Umma

Katika usanifu wa hifadhidata kuna desturi iliyozoeleka kiasi kwamba haihojiwi tena: kila jedwali hupewa safu ya namba zinazozalishwa na mfumo wenyewe, 1, 2, 3 na kuendelea, na safu hiyo hufanywa ufunguo msingi. Makala haya yanadai kuwa desturi hiyo ina asili nzuri, ila imeachana na masharti yaliyoipa maana.

Katika modeli ya uhusiano ya E. F. Codd ya mwaka 1970, ufunguo msingi ni safu, au mchanganyiko wa safu, ambao thamani zake huipambanua kila rekodi. Mwaka 1979 Codd huyohuyo alitetea vitambulishi mbadala vinavyotolewa na mfumo, kwa sababu tatu: funguo zinazosimamiwa na watumiaji hubadilika, kitu kimoja huweza kuwa na funguo tofauti katika majedwali mawili, na pengine taarifa za kitu huhitajika kabla hakijapata ufunguo au baada ya kuupoteza. Hata hivyo, aliweka mpaka: mtumiaji hana mamlaka juu ya thamani ya kitambulishi hicho, wala haonyeshwi.

Mpaka huo ndio unaovukwa. Tuchukue jedwali la wagonjwa ambalo ufunguo wake pekee ni namba ya mfuatano. Mama mjamzito akiandikishwa mara ya pili, jina lake likiandikwa kwa tahajia nyingine, mfumo humpa namba mpya bila kusita. Kwa kanuni za jedwali hakuna kosa lolote. Kwa daktari, taarifa ya dawa inayomdhuru mgonjwa imebaki kwenye rekodi asiyoiona. Upekee wa safumlalo si upekee wa mtu.

Kasoro ya pili huonekana namba hiyo inapochapishwa kwenye kadi na stakabadhi. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Nchi Washirika zilikadiria idadi ya vifaru vilivyoundwa Ujerumani kwa kuchunguza namba za mfuatano zilizokuwa juu yake. Aliyeshika stakabadhi mbili za tarehe tofauti anaweza kufanya hesabu ya namna hiyohiyo. Aidha, hospitali mbili zinapounganisha hifadhidata zao, kila moja ina mgonjwa wake namba 4507.

Wapo wanaojibu kwamba vitambulishi vya biti 128, vilivyosanifishwa upya na waraka wa RFC 9562 wa mwaka 2024, vimemaliza tatizo. Vimemaliza nusu yake. Vinazuia namba mbili kugongana, lakini havizuii mtu mmoja kupewa mbili.

Wengine hukimbilia upande wa pili na kufanya namba ya utambulisho wa taifa kuwa ufunguo msingi. Namba ya Rwanda, yenye tarakimu 16, hubeba mwaka wa kuzaliwa na jinsi. Ya Tanzania, yenye tarakimu 20, huanza na tarehe ya kuzaliwa. Tarehe ikigundulika kuwa na kosa, ama namba iendelee kusema uongo, ama ibadilishwe pamoja na kila rekodi inayoitegemea. India ilikwepa mtego huu kwa kutoa namba ya Aadhaar ya tarakimu 12 zisizobeba taarifa yoyote ya mhusika. Lakini hata namba ya namna hiyo haimfai mtoto mchanga au mkimbizi ambaye bado hajaipata, naye anahitaji matibabu leo. Hapo sababu ya tatu ya Codd ingali hai.

Kwa watunga sera, matokeo ya hoja hii ni masharti matatu yanayopaswa kuandikwa katika zabuni za mifumo ya umma. Kwanza, ufunguo unaozalishwa na mfumo ubaki ndani ya mfumo. Namba ya kadi iwe nyingine. Pili, kila jedwali la watu liwe na kanuni ya upekee juu ya namba za utambulisho zinapokuwepo, na utaratibu wa kutafuta wanaofanana kabla ya kuandikisha mtu mpya. Tatu, pawepo njia ya kuunganisha rekodi mbili za mtu mmoja bila kufuta historia ya yoyote kati yake. Mfumo usiotimiza haya unaweza kuhesabu safumlalo zake kwa usahihi kamili, na bado usijue unahudumia watu wangapi.