Kila Simu na Mwenyewe

Ofisi nyingi za mjini, ziwe za Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, zina kisanduku kilichofungwa ukutani mahali ambapo mgeni hafiki: nyuma ya mlango wa stoo, chini ya ngazi, au katika chumba cha kompyuta karibu na betri. Upande mmoja zinaingia laini za kampuni ya simu, upande wa pili zinatoka nyaya za kila meza. Wenyewe wanakiita PABX, au mtambo wa simu tu. Mfanyakazi ananyanyua mkonga, anabonyeza 9, anasikia mlio wa nje, anapiga. Hana sababu ya kujua kwamba kuna fundi aliyeketi akaufundisha mtambo huo, kitufe kwa kitufe, nani anakaa wapi, nani aruhusiwe kupiga wapi, na gharama ya kila simu iandikwe kwa nani. Nataka kuisifu kazi hiyo kwa kuieleza, maana ukishaielewa huwezi kuidharau.

Chukua Panasonic KX-TES824, mmoja wa mitambo midogo ambayo mafundi wetu wanaifahamu vizuri. Ulitoka kiwandani ukiwa na nafasi ya laini 3 za nje na ekstensheni 8. Ukiongezewa kadi unafikia laini 8 na ekstensheni 24. Fundi huketi mbele ya simu ya mezani yenye kioo kidogo, akabonyeza kitufe cha PROGRAM, kisha nyota, reli, na namba ya siri ya kiwandani, 1234. Kuanzia hapo kila jambo lina namba yake. Anaingiza namba ya programu, anataja ekstensheni, anaandika anachotaka, anahifadhi, anasonga kwenye inayofuata. Kompyuta inaweza kuunganishwa, na kwa ofisi kubwa hiyo ndiyo njia nyepesi. Lakini fundi anayejua kazi hashindwi kuifanya yote kwa vidole, akisoma mstari mmoja wa kioo kwa wakati.

Programu ya kwanza kabisa kitabuni ni 000, yaani tarehe na saa. Fundi mwenye haraka huiruka, kwa kuwa simu italia hata saa ikiwa mbovu. Fundi mzuri haanzi na kingine. Anajua kwamba kila simu itakayotoka itaandikwa pamoja na saa yake, na mwisho wa mwezi mhasibu ataiweka rekodi hiyo kando ya bili ya kampuni ya simu na kufuatisha mstari kwa mstari. Mtambo ukiwa nyuma kwa dakika arobaini, mistari haitakutana, na hesabu yote iliyobaki itakosa pa kushika.

Halafu yanakuja majina. Humo ndimo subira ya fundi inapoonekana zaidi, kwa sababu herufi zinaandikwa kwa vitufe vya tarakimu. Kitufe cha 2 kina A, B na C. Cha 7 kina P, Q, R na S. Cha 9 kina W, X, Y na Z. Kuandika Mwanaidi ni kubonyeza mara kumi na tatu: 6 mara moja kwa M, 9 mara moja kwa W, 2 mara moja kwa A, 6 mara mbili kwa N, na kuendelea hivyo mpaka I ya mwisho inayotaka kitufe cha 4 mara tatu. Hassan anataka kumi na nne, tena S zake mbili zinafuatana kwenye kitufe kimoja, kwa hiyo fundi lazima asogeze mshale katikati ama herufi ya pili itaifuta ya kwanza. Mnzava anampa shida hiyohiyo mwanzoni kabisa, kwa kuwa M na N zinakaa pamoja kwenye 6. Zidisha kazi hiyo kwa watu ishirini na nne, halafu fikiria kwamba wanne kati yao watahamishwa kabla ya mwaka kwisha.

Nafasi nayo ni finyu. Mtambo wa Norstar, uliotengenezwa na Northern Telecom ya Kanada, uliruhusu herufi saba tu kwa jina. Mwanaidi ana nane. Fundi asiyejali humkata mkia akabaki Mwanaid, na kwa miaka mitano dada wa watu anaonekana hivyo kwenye kila kioo cha ofisi. Fundi anayejali husimama mbele ya meza yake na kumwuliza: dada, hapa wanakuitaje? Huenda akaambiwa Mwana, huenda akaambiwa Mama Asha. Vivyo hivyo kwa Ramadhan na Ramadhani, Mohamed na Muhammad: mwenye jina ndiye anayejua linavyoandikwa, na orodha iliyotoka utumishi mara nyingi inakosea. Kuuliza kunachukua nusu dakika, na jina likiingia sawa linamheshimu mtu kila simu yake inapoita kwa mwenzake.

Kuna simu nyingine ambazo hazifai kupewa jina la mtu. Mapokezi, stoo, uhasibu, chumba cha mikutano, lango la walinzi: hizo zinabeba jina la mahali, kwa sababu anayezipokea leo siye atakayezipokea kesho. Fundi huyatenganisha makundi haya mawili kwenye karatasi kabla hajagusa kitufe hata kimoja. Akikosea hapo, mlinzi wa zamu ya usiku ataonekana kwa jina la mtu aliyestaafu.

Namba zenyewe zina mitego. Mpango wa kawaida wa mitambo hii huanza na 101, 102, 103 na kupanda. Ukifika kwenye ekstensheni ya kumi na mbili unakutana na 112, ambayo Tanzania ni namba ya dharura. Ukiongeza mbili unakutana na 114, namba ya Zimamoto. Mtu aliyeshikwa na hofu ya moto hakumbuki kutanguliza 9. Atapiga 114, na simu italia kwenye meza ya mwenzake aliyekwisha kwenda nyumbani. Kenya kuna mtego wa aina nyingine: anayepiga 999 moja kwa moja anampa mtambo 9 ya kwanza kama ombi la laini, na nje zinatoka 99 tu. Fundi hodari huziruka 112 na 114 anapogawa namba, au huanzisha ekstensheni zote kwenye 200, kisha hubandika kikaratasi kwenye kila simu kinachoonyesha namba za dharura zinavyopigwa kutoka ofisini humo, zikiwa zimeandikwa kamili pamoja na 9 yake. Na kabla hajafunga begi la vifaa anahakikisha zimo katika jedwali la dharura la mtambo, ili hata simu iliyofungiwa kila kitu iweze kuzipiga.

Kuzuia simu ni elimu ya peke yake. Bosi husema tu: zuia simu za nje ya nchi. Tanzania, Kenya na Uganda zote hutanguliza 000 kwa simu za kimataifa, lakini zenyewe kwa zenyewe zina njia fupi: Kenya hupigwa kwa 005, Uganda kwa 006, Tanzania kwa 007. Fundi wa Arusha akizuia 000 peke yake, Nairobi na Kampala zinabaki wazi. Akizuia 00 yote, ofisi ya usafirishaji inayoongea na Mombasa kila asubuhi inafungiwa riziki yake. Kwa hiyo fundi anauliza swali ambalo bosi hakulifikiria: ni nani hapa anafanya kazi na majirani? Kisha anaandika jedwali kwa ngazi. Ekstensheni hii ipige ndani ya ofisi tu, hii ipige simu za mezani zinazoanza na 02, hii iongezewe 06 na 07 za mitandao ya mkononi, hii ivuke mpaka kwa 005, na hii moja iachiwe dunia nzima. Baada ya kuandika anajaribu kila ngazi kwa kupiga kwelikweli, kwa sababu kioo kinaweza kukubali jambo ambalo laini italikataa.

Sasa tufike kwenye namba za akaunti, ambako ndiko moyo wa kazi ulipo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fikiria shirika lenye miradi mitatu na wafadhili watatu: mmoja analipia visima, mwingine chanjo, wa tatu mafunzo ya walimu. Simu zote zinatoka kwenye laini zilezile na bili inakuja moja. Au fikiria ofisi ya mawakili, ambapo simu ya kesi ya mteja huyu haipaswi kuangukia mgongoni mwa mteja yule. Namba ya akaunti ndiyo inayozitenganisha. Mpigaji anaiingiza, mtambo unaisikia na kuiweka wenyewe bila kuituma nje, kisha unaiandika kwenye rekodi pamoja na tarehe, saa, ekstensheni, laini iliyotumika, namba iliyopigwa na muda wa mazungumzo. Rekodi hiyo inatoka kupitia tundu la RS-232, iende kwenye printa ya karatasi ndefu au kwenye kompyuta ya mhasibu.

Mitambo mingi inampa fundi chaguo. Namba inaweza kuwa ya hiari, anayetaka aiingize. Inaweza kuwa ya lazima, ila mtambo ukapokea tarakimu zozote. Au inaweza kuwa ya lazima na ya kuhakikiwa, ambapo mtambo unailinganisha na orodha yake na kukataa isiyokuwemo. Ya hiari husahaulika. Ya lazima isiyohakikiwa inazaa 111 na 123 nyingi, maana mtu mwenye haraka hubonyeza chochote ili apite. Ya tatu ndiyo inayofaa ofisi inayodaiwa hesabu, na ndiyo inayomtaka fundi afikiri, kwa sababu sasa swali ni: namba hizo zipangwe vipi?

Aliye mvivu huzipanga 1, 2, 3 mpaka 30. Kidole kikiteleza kutoka 14 kwenda 15, gharama ya chanjo inaingia kwenye visima, na hakuna atakayejua kwa kuwa zote mbili ni halali. Mwenye ufundi huzitawanya. Njia moja nzuri ni kuongeza tarakimu ya ukaguzi: jumlisha mbili za kwanza na uandike ya mwisho ya jumla hiyo. Mradi wa 47 unakuwa 471, kwa kuwa 4 na 7 ni 11. Mradi wa 48 unakuwa 482. Kwa mpango huo, kosa la tarakimu moja, popote litakapotokea, linazaa namba isiyo halali na mtambo unaikataa palepale. Miongoni mwa yanayoweza kupita ni kugeuza tarakimu mbili za mwanzo, 471 ikawa 741. Kwa hiyo fundi akishatoa 47 hatoi 74. Hisabati ya kugundua makosa ya namna hii iliwekewa misingi na Richard Hamming wa maabara ya Bell katika andiko lake la 1950. Inapendeza kuona wazo hilo likilinda shilingi za mfadhili wa visima, kwa kalamu na karatasi, bila programu yoyote ya kununua.

Hata muda wa mazungumzo unataka uangalizi. Laini ya kawaida ya waya haiuambii mtambo kwamba aliyepigiwa amepokea. Mtambo hukisia: baada ya tarakimu ya mwisho husubiri sekunde zilizowekwa, kisha huanza kuhesabu. Simu iliyoita bila kupokelewa inaweza kuandikwa kama mazungumzo. Kampuni ya simu ikiwa inageuza mwelekeo wa umeme kwenye laini pale simu inapopokelewa, fundi anaweza kuuagiza mtambo uhesabu tangu hapo, na rekodi ikakaribiana sana na bili. Kama haigeuzi, anachagua sekunde za kusubiri kwa kulinganisha rekodi na bili za miezi iliyopita, na anamwambia mhasibu wazi kwamba muda huo ni wa makadirio. Ukweli huo nao ni sehemu ya ufundi, kwa sababu rekodi itatumika kumdai mtu fedha.

Mwisho wa yote, fundi anayestahili malipo yake hubadili ile 1234, kwa kuwa kila mwenye kitabu cha mtambo anaijua. Kisha anaacha karatasi: ekstensheni, majina, ngazi za kuzuia, namba za akaunti, na tarehe ya kila badiliko. Radi ya masika ikiunguza kadi, au yeye mwenyewe akihamia mji mwingine, anayefuata ataanzia alipoishia mwenzake.

Kwa hiyo, ndugu mkuu wa ofisi, unapomwita fundi wa simu, usimwambie tu aweke majina halafu uende zako. Mpe orodha iliyosomwa na wenye majina wenyewe. Mkalishe na mhasibu wako kwa saa moja kabla hajafungua mtambo. Mpe muda wa kujaribu kila ngazi, idai ile karatasi ya mwisho, itie saini, na uifungie pamoja na vitabu vya hesabu. Kisha mlipe inavyostahili. Umenunua daftari linalojiandika lenyewe kila mkonga unaponyanyuliwa, na uaminifu wake wote umetoka mikononi mwa mtu huyo.