Numero 55: sezoni tano, mara tatu

Wandugu wa chama, tangu Dikembe Mutombo alipotutoka tarehe 30 Septemba 2024, kuko sentensi moja yenye kurudi kila mara tukigusa mambo ya basketi: "Bafunge 55 mu liga yote, mutu asiivae tena!" Inaeleweka. Huyu alikuwa mtoto wa Kinshasa, na kidole chake kikipepea hewani kilikuwa kinasema "hapana" kwa niaba yetu sisi wote. Lakini mapendo ni kitu kimoja, na kupima ni kitu kingine. Leo tupime.

Kwanza tutofautishe nyumba mbili. Kuko Hall of Fame kule Springfield, mwenye Mutombo aliingia mwaka 2015. Pale wanapima maisha yote ya mchezaji: trofe, kontre, miaka. Halafu kuko jezi yenye kutundikwa juu ya dari la ukumbi wa ekipe. Hiyo haina sheria ya liga. Kila ekipe inaamua yenyewe nani anastahili, na inapima kitu kimoja tu, ao ingepashwa kupima kitu kimoja tu: huyu mutu alifanya nini mu nyumba hii? Wengi tunachanganya hizo mbili, na pale njo fujo inaanzia.

Tuangalie 55 yenyewe. Mutombo alicheza sezoni tano Denver, tangu 1991 mpaka 1996. Kisha akacheza Atlanta karibu sezoni tano, mpaka wakamtuma Philadelphia mu Februari 2001. Na mwisho wa kazi yake, sezoni tano tena Houston, tangu 2004 mpaka 2009. Tano, tano, tano. Atlanta ilitundika 55 mwaka 2015, Denver mwaka 2016. Houston haikuitundika. Je, Houston ilimkosea heshima?

Hapana. Na jibu hilo njo linafundisha.

Wakati Denver ilimchagua, ilikuwa imetoka kushinda mechi 20 tu juu ya 82. Ilikuwa ekipe ya kuchekwa. Mwaka 1994 ikaingia mu playoffs ikiwa ya nane, ikakutana na Seattle, yenye ilikuwa ya kwanza na ushindi 63. Ikapoteza mechi mbili za mwanzo. Halafu ikashinda tatu mfululizo, na ya mwisho ilikuwa kule kule Seattle, kwa muda wa nyongeza. Mu mechi hizo tano Mutombo alipiga kontre 31. Mbele ya ile siku, hakuna ekipe ya nane yenye ilikuwa imeangusha ya kwanza. Picha yake akilala chini, mpira mu mikono juu ya kichwa, akicheka kama mutu amepata mtoto, ni picha ya Denver kabisa. Ukimtoa Mutombo mu hadisi ya ile ekipe, kunabaki shimo.

Atlanta ni kesi ya mabishano zaidi. Pamoja naye haikupita duru ya pili. Lakini alichukua trofe ya mlinzi bora mwaka 1997 na 1998 akivaa jezi yao, na ekipe nzima ilikuwa imejengwa nyuma ya mgongo wake. Mimi ningepiga kura ya "ndiyo", lakini kwa sauti ya chini kuliko ya Denver.

Houston je? Pale alikuwa mzee mwenye hekima, akimpumzisha Yao Ming, mpaka goti likamuachia mu playoffs za 2009. Kazi nzuri, kazi ya heshima. Lakini hadisi ya Houston mu ile miaka ni ya Yao, na jezi 11 ya Yao iko juu tangu 2017. Philadelphia vilevile: alifika nayo finale ya 2001, lakini alikaa muda mfupi, na ile ekipe ilikuwa ya Allen Iverson. Kwa hiyo hesabu ya miaka haitoshi. Finale nayo haitoshi.

Upendo nao haitoshi, wala haulazimishwi. Vince Carter aliondoka Toronto mwaka 2004 kwa ugomvi, wakamzomea miaka na miaka. Lakini Novemba 2024 jezi yake 15 ilikuwa ya kwanza kutundikwa mu historia ya ile ekipe. Walikasirika, ndiyo, lakini hawangeweza kusimulia Toronto bila yeye.

Kinyume chake ni Miami. Mwaka 2003 ilifunga 23 ya Michael Jordan, mutu asiyecheza kwao hata dakika moja. Wanasema ni heshima. Mimi naona ni pongezi ya mgeni, haina jasho ya ule ukumbi.

Sasa turudi kwa 55 ya liga yote. NBA imefanya vile mara moja tu: 6 ya Bill Russell, Agosti 2022. Russell alikuwa na ubingwa 11 mu sezoni 13, alikuwa mweusi wa kwanza kuwa kocha mu NBA, na alisimama wazi mu vita ya haki za weusi wa Marekani. Mutombo ni wa pili mu historia kwa kontre, 3,289, nyuma ya Hakeem Olajuwon. Alikuwa mlinzi bora mara nne. Lakini hakupata ubingwa hata mumoja. Kama tunamuombea 55 ya liga yote juu ya mchezo peke yake, tutashindwa mabishano, na tutamshusha bila kutaka.

Mtu atasema: na hospitali? Hospitali Biamba Marie Mutombo, vitanda 300, yenye kubeba jina la mama yake, iko Kinshasa na inaponya watu. Hiyo ni kubwa kuliko jezi yoyote, na njo sababu haihitaji jezi kuitetea. Mwanamke mwenye kuzalia pale haulizi nani alivaa 55.

Sisi wenye diplome tunajua vizuri hii hesabu. Diplome yenye kugawiwa kwa kila mutu juu tunamupenda, ao juu ni wa kwetu, inageuka karatasi. Ile ya Denver ina uzito juu Houston ilisema hapana. Tuache hivyo. Mutombo mwenyewe alitufundisha na kidole chake kwamba "hapana" nayo ni sehemu ya mchezo.