Watoto wa Maduka Mawili

Nimesoma "Café Con Lychee" ya Emery Lee, riwaya ya vijana iliyotoka Marekani mwaka 2022. Nimeisoma kwa kuchelewa, tena kwa kulazimishwa kimyakimya: binti yangu kaiweka mezani wiki mbili nzima, asiseme kitu.

Kisa chenyewe kiko mji mdogo wa Vermont. Wazazi wa Theo Mori wana mkahawa wa mapishi ya Kiasia, na wazazi wa Gabi Moreno wana duka la mikate la Wapuerto Riko. Wazee hawapikiki chungu kimoja. Watoto wanacheza timu moja ya mpira, na wao pia hawapatani. Mara unafunguliwa mkahawa wa tatu unaochanganya mapishi, wateja wanahamia huko, na wavulana hawa wanaishia kuuza vitu vyao shuleni kwa pamoja. Hapo ndipo mapenzi yanapoingia.

Wako watakaosema ni Romeo na Juliet tu, kavikwa kanzu mpya. Mie sikubali. Kwa Shakespeare ugomvi wa nyumba mbili hautajiwi chanzo. Hapa chanzo kiko kwenye droo ya pesa. Sisi tuliokulia nyuma ya kaunta tunayajua hayo: kazi ya mtoto hailipwi mshahara, inahesabiwa kuwa ni mapenzi kwa wazazi, na ukiichoka umewachoka wao.

Khasa hapo ndipo kitabu kilipopata. Theo, anayejulikana wazi kuwa anapenda wavulana, ndiye anayetaka kuuhama mji. Gabi ndiye anayetaka kurithi duka, na ndiye anayeficha. Anayetaka kubaki ndiye anayelazimika kunyamaza. Hofu yake si aibu peke yake. Duka na wazazi kwake ni kitu kimoja, akipoteza hiki na kile kimekwenda.

Kasoro zipo. Wavulana wanasimulia kwa zamu, lakini sauti zao zinafanana mno. Mara mbili tatu nilirudi nyuma kuangalia nani anasema. Na Theo ana ulimi mkali kwa Gabi kupita kiasi, mpaka unajiuliza huyu mwenzake kampendea nini.

Binti aliponiuliza nimekionaje, nikaanza na hizo sauti mbili. Akanikata: "Baba, sikukuuliza hayo."

Basi nikakaa nikajaribu kuzifasiri kurasa mbili. Vitenzi havikunipa tabu. Mwandishi mwenyewe hujitaja kwa kiwakilishi "e", si cha kiume wala cha kike, na Waingereza wanahangaika nacho. Sisi wa "yeye" tumeshapita zamani. "Gabi anampenda Theo" inakaa vizuri kabisa. Nilikwama kwenye nomino. "Shoga" kwetu mwambao ni mwanamke akimwita rafikiye, kwa mapenzi na utani, lakini ukimwita mwanamume umemtukana. "Hanithi" na "basha" ndiyo usiseme. Lugha iliyojaa maneno ya mahaba namna hii, kwa kijana huyu inanipa matusi matupu, au istilahi za mahakamani na za semina.

Wenzangu mnaofasiri, Theo anajitaja bila ya kutetemeka, na neno lake kwa Kiingereza ni jepesi, la kila siku. Nyie mngetia lipi? Mie pale nimeacha nafasi tupu, na binti yangu anataka kuziona hizo kurasa.